Itto na Miche Mia Tatu ya Mijozi

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Hapana, nadanganya. Mwaka huo nilikuwa bado natembea na nyumbu wangu wa kahawia, na siku hizi ninazozisimulia nilikuwa na yule mweupe, mwenye kuuma. Basi ni kumi na nne, majira ya baridi yakiisha, theluji ikianza kupanda kurudi vileleni.

Mimi ni fundi wa matandiko ya nyumbu. Natoka bonde hili naingia lile katika milima yetu ya Atlasi; nashona, nalishwa, naondoka. Bonde la Ayt Wazu ndilo ninalokaa zaidi, kwa kuwa nyumbu wao wana kazi nyingi na mkate wao wa shayiri mtamu. Hufikia nyumbani kwa Ijja, mjane, mfumaji wa mazulia. Binti yake wa pekee ndiye Itto.

Itto alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mcheshi, mwenye kuhesabu kwa vifundo vya vidole japo alisoma mjini hadi akapata cheti. Alikuwa mtu wa kwanza wa bonde lile kuajiriwa na shirika la maendeleo. Zamani walikuwa wakija wageni. Waliteremka garini, wakatuuliza mahitaji yetu, wakayaandika, wakawapiga picha mbuzi, wakaondoka na mahitaji yetu. Itto alipopewa kazi, alivaa viatu vya mpira vya marehemu baba yake akaenda mlango kwa mlango, na kila mlango akanywa chai. Siku ile alikunywa glasi ishirini na tatu. Ijja alisema binti yake alilala akivuma kama mzinga wa nyuki.

Kisha akaitisha baraza. Watu wakaulizwa wanataka nini, wakajibu kwa sauti moja: mijozi. Jozi, ile kokwa ya ganda gumu, ina bei sokoni, haiozi, na mti mmoja hulisha wajukuu. Mikono yote ikainuka. Itto akaandika: miche mia tatu.

Lori likaja Jumamosi. Miche ilikuwa imefungwa mizizi kwa magunia mabichi, mirefu kama fimbo za wachungaji. Watu wakaitazama. Basu, mkuu wa baraza, akajikuna kidevu.

"Haya, mwanangu. Wapandaji watafika lini?"

"Wapandaji gani, baba?"

"Si wa shirika? Wa kuja kuipanda."

Itto akaitazama miche, kisha nyuso za watu. Ndipo alipokumbuka, na mimi nilimwona akikumbuka, maana masikio yalimwiva. Katika bonde lile hakuna mtu anayepanda mjozi. Aupandaye hufa siku shina lake litakapolingana kwa unene na shingo yake. Hilo kila mtoto analijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Mijozi yao yote imepandwa na kunguru: huiba jozi, huifukia, husahau, mti unaota. Kunguru ana shingo nyembamba, lakini hayo ni yake na Mungu wake. Baraza zima liliinua mkono kila mtu akidhani mkono wa kupanda utakuwa wa mwingine. Na Itto, mtoto wa palepale, akaandika vilevile.

"Niliandika mwenyewe," aliniambia jioni, "kwa mkono wangu huu! Ningekuwa mgeni ningesamehewa."

"Utaipanda mwenyewe?" nikamuuliza.

Ijja aliyekuwa kwenye kitanda chake cha kufumia hakugeuka. "Akigusa mmoja tu, maziwa yangu niliyomnyonyesha hayatakuwa halali kwake. Nimesema."

Basi jambo likawa hivi. Mkuu wa Itto angekuja kutoka mjini Alhamisi kuhesabu miche ardhini. Matumba yalikuwa yanakaribia kupasuka, na mche ukichipua ndani ya gunia umekwisha. Isipopandwa, ingepelekwa bonde lingine, na birika la maji lililoahidiwa mwaka unaofuata lingefuata miche hukohuko. Na hapa wangerudishwa wale wa kupiga picha mbuzi.

Jumapili Itto alizunguka tena, chai tena. Vijana walikubali kuchimba mashimo. Shimo halina shingo. Walikubali kubeba maji na samadi. Lakini kuushika mche na kuusimamisha udongoni, kila mmoja alikuwa na udhuru. Huyu mkewe mjamzito, yule ameota vibaya. Moha mchinjaji alisema yeye hapandi kwa sababu ya mgongo, na alisema hivyo akiwa amebeba kondoo mzima begani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani nashona tandiko la Bibi Tuda. Tuda alikuwa amepita themanini, amebakiwa na jino moja ambalo yeye huliita mlinzi. Alikuja kunisimamia, maana haniamini. Akamwona Itto ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mashavuni.

"Nani kafa?"

"Bado, bibi. Ndiyo shida yenyewe," Itto akasema. "Wote wanaogopa kufa."

Tuda akaelezwa, ingawa alikwisha kusikia, anapenda tu kuelezwa. Akatafakari akilinyonya jino lake.

"Hebu niambie wewe uliyesoma. Mjozi unaua lini?"

"Shina likilingana na shingo."

"Na shina hufika shingo baada ya miaka mingapi?"

"Thelathini. Arobaini, mahali pa baridi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nini?"

"Kabla ya hapo unaua?"

Itto akanyanyua kichwa. "Hapana. Hawajasema hivyo."

"Basi nina miaka themanini na kitu, na kuna mti unaniahidi arobaini mingine, na ninyi mmeufungia kwenye magunia! Wivu mbaya, nyie watoto. Nipeni miwili!"

Ijja akacheka hadi uzi ukamkatikia. Nami nilijidunga sindano.

Saa sita mchana habari ilikuwa imefika nyumba ya mwisho. Jumanne alfajiri, wazee arobaini na mmoja walikuwa mteremkoni, wengine sikuwaona nje tangu theluji ya kwanza. Basu alikuja amejizungushia skafu tatu.

"Una homa, Basu?"

"Shingo nene, maisha marefu. Mti unipime nikiwa hivi."

Kesho yake kila mtu ana skafu. Mzee Hadu peke yake alikaa kando akinung'unika. Shingo yake ni kama ya jogoo aliyenyonyolewa.

"Mimi miaka kumi tu nimekwisha! Mungu hagawi sawa."

"Panda wako kwenye mawe," Tuda akamwambia. "Utakua polepole."

Lo, kosa gani alilosema! Mara wazee wote wakayaacha mashimo mazuri yenye samadi, wakaanza kugombea changarawe. Mzee mmoja wa miaka sabini na saba alimvuta mwenzake kanzu kwa ajili ya jiwe. Itto akapanda juu ya ukuta wa shamba na viatu vyake vya mpira.

"Wazee wangu! Mti ukifia kwenye mawe kabla haujafika shingoni, ahadi ni ya nani? Anayewalinda ni mti ulio hai!"

Wakatazamana. Hadu akawa wa kwanza kurudi kwenye samadi, tena akaomba ndoo ya pili ya maji.

Nami nilipanda mmoja. Basu alisema, "Wewe si wa hapa, shingo yako haina kijiji," lakini alinishikia mche nikafukia. Vijana walichimba, wanawake walileta mkate na mafuta ya zeituni, na msaragambo ule ulikuwa na kelele kuliko harusi. Jumatano alasiri magunia yalikuwa matupu.

Alhamisi mkuu wa Itto akafika, mtu mpole mwenye miwani. Akashangaa kuona waliosimama kando ya miti ni vikongwe watupu, skafu hadi masikioni.

"Mbona kazi nzito mmewaachia wazee?"

"Ndio utaratibu wetu," Itto akasema, bila kupepesa.

Akahesabu. Mia mbili tisini na tisa. Akahesabu tena. Mmoja haukuonekana, na hakuna aliyejua ulipo. Akasema mmoja si kitu, akanywa chai, akasaini. Mwaka uliofuata birika lilijengwa, na Itto yupo kwenye kazi ile hadi leo.

Miti imefika unene wa kifundo cha mkono. Kila Ijumaa Bibi Tuda, mlinzi wake bado kinywani, huenda kuushika wake na kusema, "Polepole, mwanangu, una haraka gani?" Imekauka mitano tu, maana hakuna watu wanaomwagilia kama wale.

Ule wa mia tatu niliuona mwezi wa tano, nilipoenda nyuma ya nyumba ya Ijja kutafuta nyumbu wangu. Ulikuwa umesimama kati ya ghala la majembe na ukuta, mahali ambapo mtu wa njiani haoni. Udongo ulikuwa umeloa, mawe yamepangwa duara shinani, na mche umefungwa kwenye kijiti kwa uzi wa sufu nyekundu.

Nilimuuliza Itto. Aliutazama ule uzi, akaapa hajaugusa mche, akaingia ndani kumtazama mama yake. Nikamuuliza Ijja, ambaye mwaka ule hata sitini alikuwa hajafika. Alikuwa kwenye kitanda cha kufumia, akasema bila kugeuka kwamba ni kunguru, nani mwingine.

Nimepita pale mara nyingi tangu hapo, na kila mara nikishusha tandiko na kupewa glasi ya kwanza namuuliza lilelile: Ijja, dada yangu, ni kunguru gani huyu anayejua kufunga fundo la wafumaji?