Nyonga ya Mke Mwenzangu

Bibi na mimi ni wake wenza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu, na matusi kati yake na bibi hayana adhabu, hata mchungaji akiwa sebuleni anakunywa chai. Yeye huniita kijiti kisicho na makalio. Mimi humwuliza lini ataniachia nyumba na mume.

"Nitakuzika wewe kwanza," hunijibu.

Msimu wa mvua, akitoka kuchuma chai, aliteleza kwenye ngazi za udongo nyuma ya jiko. Kapu lilitangulia, yeye akafuata. Nilimkuta amelala juu ya majani ya chai.

"Inuka, bibi harusi. Babu hayupo, unamwigizia nani?"

"Mguu umekataa."

"Ulishakataa zamani, hukuambiwa tu."

Nilicheka peke yangu. Bibi ana mchezo wa kujifanya amekufa. Mara ya mwisho alikufa ili asipike. Ila safari hii hakunirudishia tusi. Nikamtazama vizuri. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelalia nje kama mlango uliong'oka bawaba.

Niliujua mguu ule. Wiki hiyohiyo mwalimu wa baiolojia alituletea nyonga ya mbuzi iliyochemshwa. Mifupa miwili mipana, imeshikana mbele kwenye kinena. Nyuma imebana mfupa wa pembetatu wa chini ya mgongo, na mwishoni, kwa binadamu, kifandugu, mkia ambao Mungu alisahau kuumalizia. Kila upande kuna kikombe, na ndani ya kikombe kinazunguka kichwa cha fupa la paja, laini kama gololi. Chini ya kichwa hicho kuna shingo nyembamba, imekaa mshazari, na ndiyo inayobeba mtu mzima. Kazi ya haraka haraka, ukiniuliza mimi.

"Ikivunjika hapa kwa mzee," mwalimu alisema, "mguu unafupika na kugeukia nje. Usithubutu kuuvuta."

Baba mdogo alifika na mama jirani anayenyoosha viungo. Ni hodari kweli. Timu nzima ya mpira ya kijiji inakimbia kwa mikono yake. Alijipaka mafuta ya nyonyo.

"Nyonga imeteguka," akasema. "Naivuta, inarudi."

"Msimvute!" nikapiga kelele. "Haijateguka, imevunjika. Tumpeleke kwa machela mpaka barabarani."

Baba mdogo hakugeuza hata kichwa. "Juzi si wewe uliyetwambia ng'ombe wa jirani amezaa ndama mwenye vichwa viwili, tukakimbia wote bure? Kaa pembeni."

"Baba mdogo, nimesoma darasani!"

"Na huko darasani si ndiko unakofukuzwa kila siku?"

Nikamgeukia bibi. Neno lake moja lingetosha, maana mama jirani asingemgusa bila ruhusa yake. Alinitazama, jasho limemtapakaa usoni, akavuta tabasamu.

"Mke mwenza," akasema, "unaogopa nitapona?"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo akamshika mabega, mama jirani akavuta. Sauti iliyomtoka bibi ilimaliza kicheko chote.

Babu aliporudi, machela ilikuwa tayari imefungwa. Wanaume walimteremsha bibi kwa kupokezana, hakuna aliyetania. Hospitalini daktari aliinua picha kwenye mwanga: vipande viwili vya mfupa vimepishana kama watu waliogombana.

"Nani alimvuta?"

"Mimi nilishika mabega tu," baba mdogo akajitetea. Daktari akasema bila kupasuliwa hatasimama tena, na moyo wake hauwezi kustahimili kupasuliwa. Tukarudi naye.

Sasa analala chumba cha mbele, karibu na dirisha la kuonea chai yake ikichumwa na wengine. Babu amehamia chumba cha nyuma. Asubuhi namgeuza bibi ubavu kabla ya kwenda shule.

"Si ulitaka nikuachie nyumba na mume?" aliniambia juzi. "Nimekuachia. Anza na hilo beseni."

"Mume mwenyewe hana meno. Baki naye."

Alicheka mpaka akashika nyonga, kisha akaacha ghafla na kuuma shuka. Nikatoka na beseni.