Mzimu Aliyeketi Kitini

Nikipita kwa maseremala wa Ngong Road, harufu ya vanishi mbichi hunisimamisha. Nabaki hapo kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, na ghafla nina miaka tisa, niko sebuleni kwetu Woodley, jua la Jumamosi alasiri limelala zuliani, na Baba amekaa mbele ya televisheni asiyoiona.

Baba alikuwa seremala hadi alipopofuka. Tangu hapo akanyamaza. Alikula, akasalimia wageni, akarudi kwenye kimya chake, nami nilikiogopa kimya kile kuliko mzimu wowote wa filamu. Mama alishinda kazini Lavington, kwa hiyo kumsimulia Baba yaliyokuwa kwenye skrini kuliniangukia mimi. Nilisimulia kwa sauti ya chini, bila kutarajia jibu.

Siku moja ilionyeshwa filamu ya mzimu wa bibi mwenye gauni jeupe. Nikasema amepenya mlango uliofungwa kwa kufuli, na sasa ameketi kitini, anachana nywele.

"Ngoja," Baba akasema. "Mlango ni ya mbao?"

"Ndiyo, Baba."

"Na kiti?"

"Pia ni ya mbao."

"Sasa mbona hiyo kiti haijamwachilia aanguke?"

Nikafikiri sana. "Labda fundi wa kiti alikuwa mzuri kuliko wa mlango."

Baba alicheka hadi akapaliwa. Jamani, kicheko kile! Nilitaka kukisikia tena kila siku ya maisha yangu.

Basi nikawa mharibifu wa filamu, nikitia makosa makusudi. Roboti lisilo na moyo nikaliliza machozi. Rubani aliyekatwa mkono kwenye sayari ya mbali nikamfanya apige makofi. Baba alinasa kila kosa, akabishana, akadai haki za watazamaji, nami nikijipongeza kimoyomoyo.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima. Baada ya mazishi nilimfungulia Mama siri yangu, nikitarajia anisifu.

"Hiyo ya mzimu tuliiona na yeye kwa sinema huko tao kabla uzaliwe," Mama akasema. "Hata mwisho alijua. Lakini wewe ndio ulikuwa umeacha kuongea, Atieno, isipokuwa hizo filamu, tangu macho yake ziende. Aliniambia, wacha nimtafutie maswali."

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyemfungua Baba kinywa. Nililia kwa sauti, wageni wakasikia, na sikujali.