Picha Chini ya Kulabu za Jodari

Tangu Julai, Selipher Nekesa akinusa tu kopo la jodari, moyo unamchafuka. Wangu pia, na hata sikuwepo. Alinihadithia yote Ijumaa moja chumbani kwangu Al-Shumaisi, chai ikapoa mbele yetu.

Anafanya kazi za ndani Al-Suwaidi, hapa Riyadh, mwaka wa nne sasa. Likizo yake ya kwanza ya kwenda Kenya ilipita hivihivi. Ya pili, madam aliapa kwa Mungu haitapita. Basi Selipher akamwahidi binti yake, Mitchelle, aliyemwacha angali mdogo wa kubebwa: "Agosti niko nyumbani."

Julai familia ikaenda kisiwa cha Sisilia, Italia, naye akachukuliwa ili abebe mtoto wao. Ufuo ulikuwa kimya, maji safi. Kando yake lilisimama jengo kuu la mawe la wavuvi wa jodari wa zamani, sasa ni makumbusho. Mwongoza wageni akaeleza huku akitabasamu: nyavu zilipangwa baharini kama vyumba, samaki akaingizwa kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho kisicho na pa kutokea. Hapo alivutwa kwa kulabu na bahari ikawa nyekundu. Wageni wakapiga makofi. Kulabu zingali zinaning'inia humo jengoni, na chini yake siku hizi hupangwa meza za harusi. Harusi! Kweli kuna watu hawana kinyaa.

Madam akanunua moyo wa jodari uliokaushwa, mweusi, unanuka chumvi na damu, akamnusisha kila mtu. Mtoto akamtapikia Selipher begani. Hajamaliza kujifuta, madam akainua simu ampige picha papo hapo chini ya kulabu.

"Yalla, Selipher, cheka!"

Akacheka. Mwenye nguvu mpishe. Mtandio ulificha matapishi na picha ikatoka nzuri, kwa hiyo akaiweka status. Sote tunaofanya kazi huku hufanya hivyo. Hakuna anayetaka watu wa nyumbani wamwone akilia.

Waliporudi walipitia Jeddah kwa mama yake madam. Jikoni huko, Selipher akauliza kuhusu tiketi ya Agosti.

"Tiketi gani?" madam akashangaa. "Si umeshaenda likizo? Italia, bahari, picha. Halas."

Alisema hayo akiukata ule moyo vipande vyembamba na kuvitia mdomoni. Aliponifikisha hapo, nilikwenda dirishani nikatema mate. Mtu alikesha na mtoto, akafua nguo za watu sita hotelini, halafu unamhesabia likizo! Na Baba mwenye nyumba, alipoulizwa, akajibu kwamba mambo ya jikoni ni ya wanawake.

Jioni hiyo Selipher akapiga simu nyumbani, amejipanga kumweleza bintiye polepole. Mitchelle ndiye aliyeanza.

"Mum, shosho alinionyesha picha. Ulikuwa unacheka."

"Mitchelle, sikiza, mama..."

"Kumbe ukipewa likizo unaenda kwingine."

Kisha akampa nyanya yake simu, akaenda kucheza.