Viti vya Karibu na Mlango

Miaka ishirini Mama Kapinga alileta samaki wakavu kwa treni, kutoka Bukama mpaka sokoni Kampemba, na hakuwahi kukalia kiti. Alikalia kitunga chake, maana samaki asiyekaliwa huibiwa.

Sasa injinia Dominique, aliyepewa kazi ya kuagiza mabehewa mapya, aliwaita wachuuzi waone mchoro kabla haujatumwa kiwandani. Mama Kapinga akatafuta kwenye mchoro pa kuweka kitunga. Aliona viti tu.

“Mizigo iko na wago yake kule nyuma, mama,” alisema Dominique, akigusa behewa la mwisho kwenye mchoro. “Tutafunga na kadena.”

“Na funguo iko na nani?”

Dominique akaanza kupekua karatasi zake.

“Unaona? Samaki yangu itafika mifupa tupu, baba!”

Wenzake wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Karatasi ile ikiondoka vile, biashara yake imekwisha. Akachuchumaa sakafuni, akatanua magoti kama anavyokaa juu ya kitunga.

“Pima.”

Dominique akatoa mita, akampima kwa haya. Kisha akafuta viti vinane vya karibu na mlango, akaandika: sentimita tisini kwa kila mama na kitunga chake.

“Andika mia moja,” alisema Mama Kapinga akiinuka. “Bamama bengine beko banene kunipita.”