Serikali Ilipowaweka Wakwe Chumba Kimoja

Nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikimgombeza mkunga, na hakuna aliyewahi kumbishia. Nalisema hili mapema kwa sababu wakati wa korona niligombana na watu wengi, na mmoja wao alikuwa serikali.

Nilikuwa mlezi katika nyumba ya wazee na walemavu huku Annexe, kule mji unakoishia na mashamba ya mihogo yanakoanzia. Nyumba ilikuwa ya masista. Mkubwa wao, tuliyemwita masere, alikuwa mwanamke mpole wa hapa hapa Katanga, binti wa mchimba shaba, naye alikuwa na udhaifu mmoja tu: aliogopa karatasi yoyote yenye mhuri. Ukimwonyesha nyoka atamuua kwa ufagio. Ukimwonyesha mhuri atatafuta kiti akae.

Karatasi iliyotufikia iliitwa mwongozo. Ilikuwa ya kurasa nyingi, kwa Kifaransa, ikieleza namna nyumba za kulea wazee na watu wenye ulemavu zinavyopaswa kujikinga. Sikatai, mambo mengine yalikuwa ya maana. Kunawa mikono ni jambo jema, hata siku ambazo bomba linakohoa tu. Lakini aliyeiandika hakuwahi kuiona nyumba yetu. Aliagiza kwamba kwenye lifti apande mtu mmoja mmoja, na sisi hatukuwa na ghorofa. Aliagiza mistari ichorwe chini kuonyesha umbali wa mita moja. Ua wetu ni udongo mwekundu. Tulichora kwa majivu, kuku wakafuta, tukachora tena. Mzee wetu asiyeona, aliyezoea kutembea kwa kupapasa ukuta, aliambiwa aache ukuta afuate mishale. "Mishale gani?" akauliza. Masere akausoma ukurasa upya, akaona haya, akamshika mkono yeye mwenyewe, jambo ambalo nalo lilikuwa limekatazwa.

Kisha alikuja mkaguzi, naye akawa anarudi karibu kila siku. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye tumbo la heshima na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Sisi barakoa tunaiita kashene. Kitu cha kwanza alichouliza ni lifti iko wapi.

"Lifti haiko, chef," masere akamjibu kwa woga.

"Ni bien," akasema, akaandika. "Pale mulifuata mesire, yale masharti."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Ya lifti yalikuwa ya Musa.

Katika nyumba yetu walikuwamo wawili ambao nilikuwa nikiwahudumia kwa moyo wote. Mmoja ni bibi mkongwe, nilimwita kambo, kama tunavyowaita bibi zetu huku, mzaliwa wa Sakania, kule kwenye mpaka wa Zambia. Mwingine nilimwita tata, yaani baba, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote na kukatwa mguu mmoja kwa ugonjwa wa sukari. Alikuwa akienda kwa kiti cha magurudumu. Tata alikuwa amemwoa binti wa pekee wa kambo. Binti alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, hakuacha mtoto, na wale wawili hawakuwa na mtu mwingine duniani. Tata alipopokewa kwetu, alimsihi masere ampokee na mama mkwe wake. Wakapokewa, yeye upande wa wanaume, kambo upande wa wanawake, ua katikati.

Na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kutazamana usoni. Ndiyo bukwe, heshima ya mwanaume na mama wa mke wake. Mkwe hamkaribii mama mkwe, hamtazami, na zaidi ya yote hawali mmoja mbele ya macho ya mwenzake. Kambo akikatiza ua, tata aligeuza kiti chake kuelekea ukutani na kubaki hapo mpaka mtu amwambie amekwisha kupita. Wakitaka kusemezana walinipitia mimi.

"Mwambie bamukwe mvua inakuja, batoshe nguo ku kamba," tata angesema, huku uso wake ukiwa ukutani.

Kambo alikuwa hapo hapo, nyuma ya zile nguo, amesikia kila neno. Asingesogea mpaka nimfikie na kumwambia.

"Mwambie mukwe, nimesikia," angejibu. Na mimi ningerudi kumwambia tata, ambaye naye alikuwa amesikia. Kuna siku nilichoka nikawaambia nitaanza kudai mshahara wa posta. Walicheka wote wawili, kila mmoja akiangalia upande wake.

Sasa mwongozo ukasema bweni moja litengwe kwa wagonjwa, na walio wa familia moja walale chumba kimoja ili wasichanganyike na wengine. Bweni la wanaume likatengwa. Masere akatafuta familia, akapata moja tu.

"Masere," nikamwambia, "ule ni mukwe wake!"

"Njo vile," akakubali. "Ni famille."

"Bamukwe na mukwe mu chumba moya? We mwenyewe ni mutu wa huku. Unajua."

"Ninajua," akasema, karibu kulia. "Lakini iko na mhuri."

Nikamngojea mkaguzi getini. Nilimweleza kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwenye mashamba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akashusha kashene zote mbili, akatazama nyuma, akaninong'oneza.

"Mama, mi ninajua bukwe. Bamukwe wangu iko kwangu tangu njia zilifungwa. Niko nakula mu gari. Bukari yangu, samaki yangu, yote mu gari. Majirani banafikiri niko na safari. Lakini bukwe haiko mu karatasi. Kama haiko mu karatasi, mi nifanye nini?"

Akapandisha kashene, akaingia ndani kuhakikisha vitanda viwili vimewekwa.

Siku ya kwanza kambo alilala akiwa ameukabili ukuta mmoja, tata ukuta wa pili, na katikati yao mimi nimesimama na sahani. Kambo hakula. Nikafikiri ni haya ya siku moja. Siku ya pili hakula. Alikubali chai kidogo, akiwa amejifunika kitenge kichwa kizima, na hata hiyo alimeza kwa shida kwa hofu kwamba koo lake litasikika. Nilitaka kumtoa nje ale uani, lakini mwongozo ulikataza wazee kula nje ya vyumba vyao, na masere alikuwa amesimama mlangoni akiwa na mwongozo mkononi. Nikamsukuma pembeni, nikambeba kambo hadi chini ya paa la jikoni. Hapo hakula pia.

"Mukwe anajua niko nakula," alisema. "Ni mamoya tu."

Alikuwa mwepesi mikononi mwangu. Niliogopa. Nilimpenda yule bibi, nasema wazi, na niliona anakufa, si kwa korona bali kwa adabu.

Nikatundika kitenge katikati ya chumba. Kambo akanyoosha mkono kuchukua kijiko, na saa hiyo hiyo mkaguzi akafika. Akasoma. Hewa ilitakiwa kupita chumbani bila kizuizi. Kitenge kikashushwa.

Tata naye alikuwa anateseka. Asubuhi iliyofuata nikamkuta amefunga kashene machoni, amekaa wima kwenye kiti chake, kipofu wa kujitakia.

"Mwambie bamukwe bakule," akasema. "Mi sioni kintu."

Kambo alipoambiwa alitabasamu chini ya kitenge, na naamini alikuwa karibu kukubali. Mkaguzi akachungulia dirishani.

"Tata! Kashene ni ya pua na mdomo!"

"Pua yangu haina bamukwe," tata akajibu.

Lakini alitii, akaishusha, na kambo akarudisha uso wake ukutani.

Nilimfungia mlango masere, nikakaa kitandani kwa kambo. "Kambo, kule kwenu mukwe anaingizwaka. Munapika, munamuita, anakula mbele yenu, bukwe inafunguka. We, juu ya nini haukumuingiza?"

Tata alikuwa ameukabili ukuta wake, lakini mabega yake yalisikiliza.

"Nilipikaka," kambo akasema. "Bintu yote ilikuwa ku moto. Kuku, sombe, pombe ya mahindi. Asubui ile, reli ikamutuma kaskazini, akapanda treni na mutoto wangu. Chakula tukakula na majirani. Kisha mutoto alikuwa nasema, mama, kipwa yenye kuja. Kila kipwa, kipwa yenye kuja. Halafu akakufa. Sasa nitamuingiza na nani? Mwenye alipashwa kumushika mukono haiko."

Kipwa ni kiangazi. Nikazihesabu kimoyomoyo zile kipwa zote, nikashindwa, na hasira zangu zikanipanda kwa njia isiyostahili.

"Basi mutakufa wote wawili na heshima yenu," nikamwambia, "na mimi njo nitawafukia, kila mutu na ukuta wake!"

Tata akaanza kulia, kwa kwikwi ndogo. Kambo hakumwona, lakini alimsikia. Akasema, na safari hii hakuniambia nimwambie mtu:

"Kuku iko?"

Kuku walikuwepo, wale wale wafuta mistari. Tulimchinja mmoja, na sikumchagua bila kinyongo.

Kumwingiza mkwe kunataka watu, nyimbo, vifijo, sahani moja, mikono kuoshana. Mwongozo ulikataza watu, nyimbo, vifijo, sahani moja na mikono kuoshana. Kwa hiyo tulifanya hivi. Wanawake wa nyumba, nikiwa mkubwa wao, tukawa upande wa bibi harusi. Wanaume wakawa upande wa tata. Tulisimama kwenye majivu, mita moja mtu na mtu. Nyimbo tuliziimba kwa pua ndani ya kashene, bila maneno, na ilisikika kana kwamba nyumba imeingiliwa na nyuki. Kambo alibebwa hadi jikoni, akakoroga sombe, majani ya mihogo, kwa mkono wake, maana chakula hicho lazima kipitie mkononi mwa mama. Mzee asiyeona alipewa kazi ya kumsukuma tata, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye hangeona jambo lolote lisiloruhusiwa. Wakagonga kizingiti mara kadhaa kabla ya kuingia. Masere alijifungia kanisani. Alisema anaenda kuomba, na ninamwamini, kwa sababu alitoka magoti yakiwa na vumbi.

Tukawakalisha chumbani, mkeka katikati, bukari, ndiyo ugali wetu, inafuka. Mikono ya tata nilimwagia maji mimi kwa jagi, kutoka mbali kidogo, na nusu ikaishia kwenye suruali yake. Na hapo ndipo mkaguzi alipotokea mlangoni.

Aliona watu. Aliona sahani moja. Alifungua mfuko, akatoa mwongozo, akautazama, akaitazama bukari. Nilikuwa nimeshajiandaa kumtukana, matusi mazuri niliyoyatunza tangu siku ya kitenge.

"Ni kuingiza mukwe?" akauliza polepole.

"Njo kuingiza mukwe."

"Ni famille moya, mu chumba moya?"

"Kama karatasi inasema."

Akafikiri. Mgala muue na haki yake mpe: yule mtu alikunja mwongozo, akauweka mfukoni, kisha akafanya kitu ambacho kila mwanaume wa hapa angefanya mbele ya mama mkwe wa mtu. Aligeuka akautazama ukuta.

Kambo akatoa kitenge usoni. Akainua macho, taratibu. Tata alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Mukwe," kambo akasema. Bila mimi. "Angalia huku."

Tata akainua uso. Walitazamana. Alichokiona kambo ni paji la uso, macho mekundu, na kashene ya bluu.

"Tosha ile kintu."

Tata akautazama mgongo wa mkaguzi. Mgongo haukusema neno. Akaishusha kashene mpaka kidevuni, na kwa aibu, au kwa hofu, au kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake, akacheka. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya mpana.

Kambo aliweka mkono mdomoni.

"Aliniambiaka," akasema. "Siku ya kwanza, akarudi nyumbani, akasema, mama, iko na mwanya, akicheka hauwezi kukatala. Nikasema mutoto anadanganya, anataka tu kuolewa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Cheka tena, mukwe. Nione kile alikuwa naona."

Tata alijaribu. Ilitoka nusu kicheko, nusu kilio, lakini mwanya ulionekana wote. Kambo aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akamega tonge, akachovya kwenye sombe, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, kinyume cha kila ukurasa wa serikali. Akamega la pili, akala yeye, mbele yake, akitafuna kwa sauti.

"Mwambie huyu wa ukuta aje akule," kambo akaniambia, mdomo umejaa. "Kisha unipe nyama. Niko na njaa."