Sifa Niliyompa Mama wa Usafi

Nimekuwa sekretari miaka mingi, kwanza katika kampuni ya mtu binafsi, kisha katika hospitali moja ndogo ya Serikali huku Uvira, kando ya ziwa. Kote nimeona jambo moja: kazi inabebwa na watu wawili watatu wanaofanya wasichoombwa, na hao ndio wanaoumizwa. Nasema kwa hasira, maana mmoja wao nilimuumiza mimi.

Alikuwa mama wa usafi, mkazi wa mtaa wa Kilibula, wa umri wa mama yangu. Kazi yake ilikuwa kupiga deki. Lakini bomba zetu zilikauka mara kwa mara, basi kila alfajiri alishuka ziwani na bidoni mbili, yale madumu ya plastiki, akapanda nazo zimejaa maji, akayachemsha kwa makaa yake mwenyewe ili wazazi waliojifungua wapate ya kuoga. Hakuna aliyemtuma. Nilipomuuliza sababu alinishangaa: "Sasa mama amezaa, abakie na damu?"

Kila Jumatatu tulikuwa na mkutano wa wafanyakazi wote, na mwishoni mkurugenzi aliuliza nani ana neno. Siku moja nikasimama. Nilitaka asifiwe mbele za watu, basi. Nikaeleza habari ya maji, bidoni na makaa. Watu wakapiga makofi, mama akainamisha kichwa akicheka kwa haya. Mkurugenzi alipiga kuliko wote, kisha, watu walipotawanyika, akanigeukia.

"Sekretere, andika mu programu. Kuanzia leo, maji ya wazazi iko kazi yake."

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema uende ukautangaze mkutanoni! Nikaandika katika ratiba ya kazi, kwa Kifaransa, nikaibandika ukutani, nikijidanganya kuwa ni heshima. Wauguzi waliozoea kumpokea bidoni mlangoni waliacha siku ileile. Haikuwa kazi yao.

Miezi miwili baadaye mgongo ulimlaza siku tatu. Aliporudi, alikuta inamngoja "demande", ile barua inayomtaka mfanyakazi aeleze kosa lake kwa maandishi, asipojibu, anasimamishwa. Kosa lake: kuwaacha wazazi bila maji. Niliipiga chapa mimi, kwa Kifaransa safi. Ningeweza kukataa. Sikukataa, nina watoto.

Mama hakujua Kifaransa. Akaniletea barua ile, kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea kuwasaidia wenzangu kuandika majibu yao.

"Mwana wangu, minye sijui hii karatasi inasema nini. Kosa yangu iko gani?"

Nikamsomea. Akauliza taratibu, "Lakini ile maji nilikuwa nawapatiaka tu. Nani alisema ni lazima?"

Hapo ndipo ningemwambia kuwa yote yalitokana na sifa niliyompa mkutanoni, na kwamba hata barua niliipiga chapa mimi. Nikasema ni amri ya mkubwa, aombe msamaha asije akafukuzwa. Nikaandika kwa niaba yake kwamba anakiri kosa, anajuta, na hatarudia tena. Akachovya kidole gumba katika wino, akakigandamiza chini ya maneno yangu.

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Aksanti, mwana wangu. Mu hii hospitali yote, ni weye tu uko na roho nzuri."

Nikaipokea ile shukrani, nikapeleka barua kwa mkurugenzi.