Chupa Iliyokauka

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Mabatini, tayari nikiwa na ndevu, na kwa ile D yangu ya baiolojia niliona madaktari wa dunia nzima wamepata mwenzao. Kwa hiyo kaka yangu alipolazwa, ukoo mzima uliniachia mimi kuzungumza na daktari.

Kaka alikuwa mnunuzi wa pamba Magu, miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua. Alikuwa anabeba robota zima la pamba peke yake. Haya, nusu robota. Sasa alilala amejikunja, tumbo limekaza kama ngoma. Kongosho lilikuwa limevimba, sehemu yake imeoza, usaha umejikusanya ndani.

"Nikimpasua leo, mwili wake hautahimili," daktari alisema. "Nitampitishia mpira ubavuni, usaha utoke kidogo kidogo. Akipata nguvu, ndipo tutaona kama kisu kinahitajika."

Mama hakutaka kusikia. "Mwanangu ni tairi, mumtoe upepo? Mpasueni, mtoe huo uozo, yaishe!"

Nilimwelimisha kutwa nzima. Nilimchorea kongosho mchangani kwa kijiti, likatokea kama sato aliyekanyagwa.

"Haya," alisema mwishowe. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mpira ukawekwa, usaha ukawa unashukia kwenye chupa chini ya kitanda. Homa ikapungua, kaka akaanza utani: "Daktari wa jioni, mbona leo umekuja asubuhi? Wamekufukuza?" Sista akatuagiza tumwite tukiona badiliko lolote kwenye ile chupa.

Siku ya sita nilikuta chupa kavu. Hata tone. Nilikaribia kucheza. Badiliko la kumwitia sista, niliwaza, ni lile baya. Habari njema inaweza kusubiri mpaka daktari apite kesho.

"Nasikia baridi," kaka alisema.

"Upepo wa ziwa huo, kaka. Umepona!"

Nikamfunika shuka la pili, nikatoka kutangaza. Kufikia jioni, nadhani hata samaki wa Busisi walikuwa na habari.

Mpira ulikuwa umeziba. Asubuhi daktari alimkuta kaka anawaka homa. Alijaribu kuuzibua, ikashindikana, akalazimika kushika kisu kile kile alichokuwa anakikwepa. Kaka hakuamka.

Daktari hakunilaumu. Alisema mipira huziba, na kwamba kumpasua siku ya kwanza huenda kungemuua mapema zaidi. Sikumwambia kwamba niliiona chupa mchana wa jana yake.

Mama mpaka leo akipewa pole hujibu: "Walimtibu vizuri jamani, mpaka chupa ikakauka. Muulizeni mdogo wake, aliiona kwa macho yake."

Wageni hunigeukia. Na mimi, niwezaye kumkuza kambare mpaka awe mamba, huitikia kwa kichwa tu.